Aliyepika Tarumbeta za Usharika

Nyakatuntu, Kyerwa
Jumapili jioni

Kaka yangu Cleophace,

Shikamoo. Habari za Dodoma, na wifi Vero mguu wake umepona? Sisi huku tu wazima. Mvua imetufaa, migomba imebeba, na kahawa yako ya bondeni nimeichuma na kuianika, kwa hiyo usiseme tumekusahau. Nakuandikia barua kwa sababu simu haikufai. Kila nikipiga unaniambia uko kikaoni, na wewe ni mstaafu! Barua haikatiki. Isome mpaka mwisho.

Kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu kinatimiza miaka hamsini. Basi ikaundwa kamati, maana hapa kwetu hata kuku akitaga inaundwa kamati. Mwenyekiti ni Rogasian, mtoto wa marehemu mzee Nolasco, yule mliyesoma naye, aliyekuwa akinakili hesabu zako pamoja na jina lako. Siku hizi ana koti la suti analolivaa juani, na akisema “mimi kama mwenyekiti” anafumba macho kama anaonja mchuzi. Kazi ya kuandika historia ya kikundi wakanipa mimi, kwa vile ni mwalimu mstaafu na, kwa maneno yao, sina shughuli nyingi. Nawashukuru sana.

Kazi hiyo ningeitupa, kaka, kama si bibi Nikuze. Unamkumbuka, mjane wa Hagenimana, wale Wanyarwanda waliokuja kuchuma kahawa za watu na kukaa katika kibanda kule chini ya shamba la mzee Nolasco. Tangu Kwaresima hajainuka kitandani, na mganga wa zahanati amewaambia watoto wake wamrudishe nyumbani wakamtunze. Na wewe unajua utaratibu wa hapa. Kaburini pa mtu wa kawaida inaimba kwaya. Tarumbeta zinapigwa kwa waanzilishi wa kikundi na wake zao, basi. Bibi Nikuze akamtuma binti yake Anonciata kwenye kamati, aulize kama na yeye atapigiwa, kwa kuwa mumewe ndiye aliyewafundisha wale wa kwanza kupiga.

Rogasian alicheka mpaka akashika kiti. Akamwambia Anonciata asubiri historia iandikwe. Halafu akanivuta pembeni akaniambia historia ipo tayari, kilichobaki ni mimi kuipaka Kiswahili kizuri: kwamba Wajerumani walileta tarumbeta kwenye sanduku, na baba yake, mzee Nolasco, akafunuliwa na Roho namna ya kuzipiga.

Kufunuliwa! Mzee Nolasco tuliyemjua sisi! Mtu ambaye hakuweza kupuliza hata moto wa jikoni ukawaka! Nilimjibu Rogasian kwamba nitauliza kwanza wenye kumbukumbu. Akaniambia nisijisumbue, wenye kumbukumbu wote wamezikwa. Alisema hivyo akitabasamu.

Hawajazikwa wote. Nilipanda pikipiki mpaka Kamuli kwa mzee Projest, wa mwisho aliye hai katika wale vijana wa kwanza. Usidhani nilimkuta mtakatifu. Alianza na sifa zake mwenyewe, jinsi alivyopiga siku ya harusi fulani mpaka bibi harusi akamwangalia yeye badala ya bwana harusi, na ilinibidi ninywe chai yake yote kabla hajafika kwenye neno langu. Lakini alifika.

Alisema lile sanduku lilikaa stoo ya kanisa muda mrefu bila mtu wa kuligusa. Hagenimana alikuwa amejifunza tarumbeta misheni kwao, kabla hawajakimbia. Akamwomba mchungaji, akakubaliwa. Aliwafundisha vijana kati ya migomba, na kabla ya kuwashikisha tarumbeta yenyewe aliwapulizisha vikonyo vya majani ya mpapai mpaka midomo ikawavimba. Mzee Projest anasema hajawahi kucheka katika maisha yake kama siku zile.

Sasa mwenye ufunguo wa stoo alikuwa mzee Nolasco. Huyo alikuwa mtu wa ng'ombe, na mtu wa ng'ombe anajua kitu kimoja, kwamba chombo kizuri hupakwa samli. Kibuyu kinapakwa samli, ngozi inapakwa samli, kwa nini tarumbeta isipakwe? Akazipaka zote, ndani na nje, bila uchoyo. Baada ya muda mfupi vile vya kubonyeza kwa vidole vikaganda, sisimizi wakahamia humo na familia zao, na tarumbeta za Bwana zikanuka kama beberu. Huo ndio ufunuo wa mzee Nolasco, kaka. Mwingine sikuupata.

Hagenimana akazichukua kwenda kwake, akazifungua kipande kipande, akaweka sufuria kubwa uani, akazichemsha kwenye maji ya majivu ili samli itoke. Nani alimwelewa? Mtu alipita njiani, akaona shaba ya kanisa inatokota jikoni kwa Mnyarwanda, akakimbia. Mpaka jioni habari ilikuwa imefika Bugomora: Hagenimana anapika tarumbeta. Wengine walisema anaziroga, wengine anaziyeyusha akauze. Jumapili mzee mmoja wa kanisa akasimama mbele ya watu wote, akasema ameona kwa macho yake, na kwamba mgeni hapewi vitu vya nyumba. Hagenimana akafukuzwa kwenye kikundi siku hiyohiyo. Tarumbeta wakazichukua, tena safi, zinateleza, na Krismasi wakazipiga kwa mbwembwe. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza zimeponaje. Watu wazima na akili zao!

Nilimuuliza mzee Projest ni nani aliyesimama kanisani. Akaniambia ninywe chai nyingine. Nikamwambia chai nimeshiba. Akatazama chini, akasema: Mwalimu, ni baba yako.

Ndiyo, kaka. Baba yetu. Na ile tarumbeta ya kwanza aliyoipiga miaka yote, tuliyotembea nyuma yake vifua mbele, ilikuwa ya Hagenimana. Alipewa wiki ileile. Mzee Projest anasema baba alijua kabisa sufuria ile ilikuwa ya nini, maana alipita uani akauliza, akaelezwa, akashukuru. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimekwenda Kamuli kumdharau baba wa Rogasian, na nikarudi na wa kwangu. Mzee Nolasco alikuwa mjinga tu. Wetu hakuwa mjinga. Nimelia njia nzima, dereva wa pikipiki akadhani nimefiwa.

Hapa sasa nakuungamia, kwa sababu utasikia kwa watu kabla ya wiki kuisha. Leo ilikuwa ibada ya jubilei. Rogasian alikuwa amechapisha historia yake, na picha ya baba yake ukurasa wa mbele. Waliponiita mimbarani nisome, sikuisoma yake. Nilisoma yangu. Kwenye samli watu walicheka mpaka akina mama wakajifuta machozi, na Rogasian akawa anajipepea kwa picha ya baba yake. Halafu nikamtaja aliyesimama siku ile, jina la ubatizo na jina la ukoo. Hapo hawakucheka. Sikukuuliza wewe kwanza, kaka, kwa sababu nilijua ungeniambia tulizungumze kifamilia, na mambo ya kifamilia kwetu huzungumzwa mpaka yanakufa. Baba mdogo Nestory amenisubiri mlangoni akaniambia nimemvua marehemu nguo mbele za watu. Nimemwambia Hagenimana alivuliwa mahali palepale, tena akiwa hai na mke wake akimwangalia.

Mchana huu Rogasian na kamati yake wakabeba sukari kilo mbili wakaenda kwa bibi Nikuze. Ghafla wana huruma! Wakamwambia siku ikifika atapigiwa tarumbeta zote, na sare mpya watavaa. Anonciata ameniambia mama yake aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia hapana. Alisema alikuwa akiomba alipodhani hawajui. Kumbe walikuwapo waliojua. Mumewe walimzika kimya, sauti ya majembe tu, na atakapomfuata anataka azikwe katika kimya kilekile. Pumzi yao waiweke kwa ajili ya watu wao. Sukari wakarudi nayo.

Baadaye akaniita mimi. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa na maneno yangu ya unyenyekevu tayari, mjinga mimi. Hakunishukuru. Alisema anachotaka ni kimoja. Siku ya kumzika, mtoto wake mkubwa akishatupa udongo, wafuate watoto wa yule mzee aliyesimama kanisani, wote wawili, kabla ya ukoo na kabla ya wenye makoti. Wautupe kwa mikono, si kwa koleo, watu waone. Nikamwambia nitatupa. Akauliza, na yule wa kiume? Sikuweza kukusemea, kwa kuwa sikujui tena kiasi hicho.

Usinitumie rambirambi kwa simu. Usiniambie njia ni ndefu, Dodoma ulikwenda kwa njia hiyohiyo. Na kama huji, andika wewe mwenyewe kwamba huji, nami nitampelekea karatasi yako asomewe. Mimi sitamwambia.

Msalimie wifi, nimemtunzia senene wa kukaanga wa msimu uliopita. Watoto wote wanakusalimu, hata Baba mdogo anakusalimu, ingawa ananuna. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Dafroza

Nilikuwa nabandika bahasha, Anonciata ameingia. Anasema mama yake hataki uji tena. Anauliza tu kama umejibu. Nimemwambia barua ndiyo kwanza inaondoka, naye amekaa kizingitini, anasema atasubiri.