Folda Niliyoifuta kwa Jina la Bilha

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimepewa kompyuta yangu mwenyewe! Wiki ya pili tu hapa ughaibuni, ofisi ya Rockville, na tayari nawapangia wahudumu zamu za kwenda kulea wazee majumbani. Shida – folda ya pamoja, ile ya ofisi nzima, imenikataa. Naandika jina, naandika password, inanirudisha nyuma. Zuhair wa IT hapokei simu. Bilha, Mkenya wa meza ya jirani, akaniona natoka jasho. Akaja, akaingiza jina lake na password yake. Folda ikafunguka. Nikamwambia, si tumekatazwa? Akacheka. Sisi ni watu wa nyumbani, Vaileth, utakaa bila kazi mpaka lini? Mungu ambariki.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku mbaya. Mbaya!

Asubuhi kompyuta ilikuwa inajikokota. Nikaona ile folda, bado imefunguka kwa jina la Bilha, imejaa mafaili ya wazee nisiowajua. Nikadhani yamejinakili kwangu yakajaza mashine. Mimi na kiherehere changu – sipendi uchafu hata wa kompyuta. Nikayachagua yote, futa. Ikaniuliza kama nina hakika. Ndiyo! Nikaenda kuchemsha chai, najiona fundi.

Chai haijapoa, Honorata, mhudumu wetu mmoja, akapiga simu kutoka Arlington. Yuko kwa mzee mpya, anauliza mzee anameza dawa gani na chakula gani kinamdhuru. Faili halipo. La mtu yeyote halipo. Kumbe haikuwa nakala – ndiyo yenyewe, ya ofisi nzima.

Jumatano, 8 Oktoba

Zuhair kaja. Kilichofutwa kwenye mtandao, anasema, hakiendi kwenye kapu la takataka. Nakala ya akiba iliyopo ni ya zamani. Na jina lililofuta ni la Bilha.

Bosi wetu Audrey akamwita Bilha ofisini kwake. Mimi nikajifanya napanga zamu. Mwoga wee! Jioni kwenye treni nimepitiliza kituo changu cha U Street, nikashtukia niko Columbia Heights.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemfuata Bilha jikoni, nikaanza kulia kabla sijasema. Alishajua. Amemwambia Audrey ni yeye, mkono uliteleza. Kwa nini, Bilha? Akanong'ona: kumpa mtu password ni kufukuzwa, kufuta kwa bahati mbaya ni onyo tu. Akisema ukweli tunatoka sote wawili. Nyamaza, itapita. Kisha akanimegea chapati yake.

Nikaila! Nimemponza mtu, halafu nakula chapati yake. Na nilipomaliza nikahisi nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayonitia aibu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tangu asubuhi Bilha anazipigia simu familia za wazee, anaandika upya faili moja moja. Hanung'uniki. Anataniana nao!

Zuhair akanipigia, na upole wake wa Kizanzibari. Samahani dada, nakusumbua. Jina ni la Bilha, lakini kompyuta iliyofuta ni yako. Kuna mtu alikikalia kiti chako Jumanne? Nikasema ngoja nikumbuke. Nikumbuke nini, jamani!

Baada ya chakula cha mchana akaja na Audrey, wakasimama mezani kwangu. Sijafungua mdomo, Bilha akainuka. Ni yeye alikuwa kwenye kiti changu, anasema. Mimi nilikuwa nachemsha chai. Hata uongo wake umebeba chai yangu!

Audrey akanigeukia. Vaileth, ni kweli?

Nikaomba kwenda chooni.

Naandika hapa hapa, nimekaa juu ya kifuniko cha choo. Nikisema ndiyo, uongo wake unakuwa wangu. Nikisema hapana, nimemwita mwongo mbele ya bosi, na sote tunarudi nyumbani bila kazi. Wananisubiri. Machozi yanalowesha karatasi.

Mtu anagonga mlango. Ni Bilha. Anauliza kama tumbo linaniuma, aniletee maji ya moto.