Timotheo Alilala kwa Mama, Nyololo

Kihesa, Iringa
14 Julai 2024

Mpendwa Dada Faustina,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Muscat, na kile kifua kimetulia. Sisi huku tunapumua. Watoto wanakwenda shule. Baridi ya mwaka huu ni kali, jioni zote tunamalizia jikoni kwenye moto.

Umepiga simu mara nyingi kuuliza habari za bima, nami nikawa najibu ndiyo, hapana, basi. Sijakasirika, dada. Maneno hayatoki. Nimeona niandike.

Ajali yenyewe sidhani kama ulielezwa vizuri. Mume wangu Timotheo alikuwa amepeleka Chunya mabomba ya kupulizia dawa tumbaku, kwa gari la tajiri wake, Mzee Chandrakant wa duka la pembejeo. Wakati wa kurudi, giza likamkuta Nyololo. Akaacha lami, akaingia kijijini kwa mama yake, akala, akalala. Asubuhi, akiwa amesharudi barabara kuu, lori lililofeli breki likahamia upande wake likamvaa. Hakufika hospitali.

Mzee Chandrakant alikuwa amewakatia madereva wake bima ya ajali za safari za kazi. Baada ya arobaini akaja bwana mmoja wa bima, mpole tu, akauliza marehemu alilala wapi. Akanieleza kwamba wanalipa ajali ya safari ya kazi peke yake. Kama dereva aliacha njia kwa mambo yake binafsi, inaweza kuhesabiwa kwamba safari ya kazi iliishia pale. Nilimsikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani. Nikamwomba arudi siku nyingine.

Shemeji Yohane akatuita tukae kikao. Akataka tuwe na kauli moja, kwamba kaka yake alilala garini kando ya barabara, kwa mama hakufika. "Majirani nitaongea nao mimi," akasema. "Tusipofanya hivyo hawa watoto watasomaje?" Sikumlaumu. Siku zile hata ningeambiwa nikane jina langu ningelikana.

Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani. Ndipo akasema, "Mwanangu alikuja. Nilimpikia ugali na majani ya maboga. Nikampa kitanda changu, akakataa, tukabishana mpaka akalala. Leo mnataka niseme hakuja?"

"Ni maneno tu, mama," Yohane akamwambia.

"Kwako ni maneno. Mimi nimebaki na usiku ule tu."

Kikao kikaishia hapo. Mtu wa bima aliporudi, nikamweleza yote kama yalivyokuwa. Usinisifu kwa hilo. Uongo unataka nguvu, nami sikuwa nazo.

Mzee Chandrakant naye akaitwa. Nilidhani atakwepa. Akasema, "Alinipigia alipofika Nyololo, akaniambia macho yamechoka. Nikamkataza kuendesha. Nikamwambia alale kwa mama yake, asubuhi aendelee. Angelala gesti ningelipa mimi, na nyinyi msingeuliza kitu. Kulala kwa mama kuna kosa gani?"

Watu wa bima wakaenda hadi kijijini kumuuliza mama mkwe. Akawaambia Timotheo aliingia akisema tajiri amemzuia kuendesha usiku. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kusema hivyo.

Wiki iliyopita walituita mjini. Bima imekubali, watoto watasoma. Yohane alilia pale pale ofisini. Mimi niliweka sahihi, nikaomba maji ya kunywa. Nilingoja nisikie kitu moyoni, furaha au uchungu, chochote. Nikaona tu kwamba kioo cha dirisha lao kina ufa.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Nyololo kumweleza mama mkwe. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Akanisikiliza bila kuinua macho, watoto, shule, yote. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo wameandika kwamba alikuja kwangu?"

"Wameandika, mama."

Akaliweka gunzi chini, akajifunika uso kwa khanga. Nikavuta ungo kwangu, nikaendelea na mahindi pale alipoishia.

Nisalimie sana shemeji Clement, na mwanao Goodness mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Mama mkwe anakusalimu, Yohane pia. Mungu akutunze ugenini na akurudishe kwetu salama. Na ukipiga simu nami nikanyamaza, usikate. Kaa tu kwenye simu, nisikie upo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Bertha