Safari Tano za Mzee wa Kaya ya Kumi na Saba

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, mama awe ameamka vizuri, na huo mgongo wako uwe umeanza kukuonea huruma. Ukiuliza habari zangu, mwili hauna neno. Wagonjwa ni viatu. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ukiniuliza jambo zito huwa nasingizia mtandao, na wewe unanijua.

Nimepata kazi ya miezi mitatu. Wakubwa wa jiji wanataka kujua watu wanakwenda wapi kabla hawajachora barabara mpya, kwa hiyo wametutuma nyumba kwa nyumba na madodoso. Nabisha hodi, nakaa ninapoonyeshwa, kisha namuuliza kila mtu wa kaya: jana ulitoka saa ngapi, ulikwenda wapi, kwa usafiri gani, kwa sababu gani? Ukiyasikia utasema ni maswali ya kitoto. Lakini watu hawajawahi kuulizwa, dada. Muuza mboga mmoja alipomaliza kunihesabia safari zake tisa za jana aliitazama miguu yake kama ya mtu mwingine, akasema, "Kumbe!" Neno hilo tu.

Basi, kaya ya kumi na saba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mwenyeji alikuwa mzee mrefu, shati limepigwa pasi, macho yote mawili hayaoni. Nusura niyaruke maswali, maana nilijisemea, asiyeona atakwenda wapi? Nikamuuliza kwa adabu tu kama jana alitoka. Akacheka, akaniambia nishike kalamu vizuri. Kwa miguu hadi kituoni, hatua mia sita na kumi na mbili. Basi la kwanza. Kwa miguu tena kuvuka soko. Basi la pili. Kisha kilima cha hospitali. Hizo tano ni za kwenda, akasema, za kurudi nifungue ukurasa mwingine. Ni kila siku, na huu ni mwaka wa pili. Nilipomuuliza sababu, alisema anakwenda kumwona mke wake. "Andika hivyo hivyo, kumwona," akaniambia. "Huko ofisini watajuaje?"

Msimamizi wetu, ambaye tunamwita Bwana Rudia kwa sababu ndilo neno lake, alilikataa dodoso. Alisema nimelijaza nikiwa nimekaa kivulini. Kipofu wa miaka sabini na moja, mabasi mawili, soko katikati, bila wa kumshika mkono? Rudia. Tena ikibainika ni uongo, nitafute kazi nyingine. Nikamwambia twende wote tukaone.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta mzee anafunga mlango. Kabla hatujafungua mdomo alisema mwenye viatu vinavyolia ni mimi, na huyo anayehema kwa hasira bila shaka ni mkubwa wangu. Tukaondoka. Bwana Rudia alihesabu hatua kimoyomoyo. Kwenye mia mbili akapotea. Mzee hakupotea. Aligonga fimbo taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwa heshima. Alijua ukuta wa shule umeishia wapi kwa sababu hapo upepo humpiga shavu la kushoto. Fundi viatu alimjua kwa harufu ya gundi, akawahi kumsalimu. Sokoni, mimi mwenye macho nilikanyaga ndoo ya mtu nikatukanwa; yeye alipita, na watu wakampisha bila hata kuacha kubishana bei.

Mbele kidogo akasimama ghafla, akamzuia msimamizi kifuani kwa fimbo. Mfuniko wa mtaro uliokuwapo jana haukuwapo. Alisema tu kwamba sauti ya barabara imebadilika. Bwana Rudia akachungulia lile shimo, na toka hapo akawa anakanyaga pale tu alipokanyaga mzee.

Mkewe amelazwa kwenye wodi ya wagonjwa wa muda mrefu. Alipooza, na ulimi wake haufanyi kazi. Huyu hasemi, yule haoni. Mzee alikaa, akaweka kiganja wazi juu ya shuka, na ule mkono mmoja wa mkewe ulio hai ukatambaa polepole mpaka ukaingia humo. Akaanza kumsimulia njia yote: gundi, soko, mtaro, bwana mkubwa aliyetaka kutumbukia. Mke akaminya. "Anawacheka," mzee akatuambia. Nikamtazama usoni yule mama, na kweli, alikuwa anatucheka. Sisi wenye macho manne tuliambiwa na asiyeona.

Nje nilimuuliza kama hakuogopa siku ya kwanza. Akasema aliogopa sana, ila si magari. Aliogopa kimya cha mkewe. Wiki nzima alikaa ndani akijidai hajui njia.

Dada, neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Mama alipopooza na kupoteza sauti, nilikwambia daraja limesombwa, mabasi hayapiti. Yalikuwa yanapita. Nilipanda moja. Nilishuka hapo penu nikakaa kwenye kibanda cha magazeti ng'ambo ya nyumba, tangu saa nne hadi saa nane. Nilikuona unamtoa mama juani. Ulimkata kucha huku unamwongelesha, naye hajibu, mama yule yule aliyekuwa akiniita nikasikia mtaa wa tatu. Nikashindwa kuvuka barabara. Nikarudi, na ulipopiga simu nikasema daraja bado. Miezi kumi na minne umembeba peke yako kwa ajili ya daraja ambalo halikuanguka. Pengine ulishausikia ukweli kwa abiria ukanistiri. Sikuombi msamaha kwa barua; nikifika unitukane uso kwa uso.

Bwana Rudia amelipokea dodoso, na pembeni ameandika kwa mkono wake: Nimeshuhudia. Ruhusa yangu pia ameitia sahihi bila swali. Jumamosi nafika kwa basi la asubuhi, na nitakaa wiki mbili ili wewe ulale.

Wasalimie shemeji na watoto, na jirani yako mwenye maneno mengi. Mama usimpe salamu zangu. Hizo nakuja nazo mwenyewe, mkononi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba