Pikipiki ya Matope Tuliyoifundisha Lami

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ninajulikana kama Mama Viti
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi wa kushona viti vya magari na pikipiki
Makazi: Nyumba ya pili nyuma ya karakana ya mabomba

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimeelezwa kuwa nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimeelewa.

Mwanamume mliyemweka ndani kwa wizi wa pikipiki alikuwa mume wangu. Tuliachana miaka saba iliyopita bila kugombana mbele ya watu. Yeye alichukua vifaa vya karakana, mimi nikabaki na nyumba, cherehani na pikipiki, kwa kuwa alikohamia hakukuwa na pa kuiweka.

Tuliinunua ikiwa pikipiki ya matope, silinda moja, ndefu kama mbuni. Wakati huo walioshindana kwenye uwanja wa ndege usiotumika walikuwa wenye mashine za silinda nne, na sisi uwezo huo hatukuwa nao. Mume wangu akasema nguvu hatuwezi kuinunua, basi tutafute wepesi. Tuling'oa taa na kila kisichohitajika. Akafunga rimu ndogo na tairi laini za lami, akashusha shokapu, akaweka usukani wa chini na breki kubwa mbele. Mimi nilishona kiti, na nilimkalisha mara nyingi kabla sijakata ngozi, maana alikuwa mwembamba, hana nyama ya kukalia. Kazi yote tuliifanyia sebuleni. Mama mkwe alikuwa akija anakunywa chai, injini iko juu ya magazeti karibu na miguu yake, wala haulizi kitu.

Siku ya kwanza ya mashindano walitucheka. Kwenye njia iliyonyooka walimpita, kwenye kona akawapita kwa ndani. Tulishika nafasi ya tatu na sauti ilinikauka kwa siku mbili.

Leo, saa nne asubuhi, nilirudi nyumbani kutoka kupeleka viti kwa mteja. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya umeme aliniambia ameona mwanamume akiisukuma pikipiki kutoka bandani, na ameshawapigia polisi. Simlaumu, yeye hamjui mtu huyo. Niliingia bandani nikakuta turubai limekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya rafu. Mwizi gani anakunja turubai? Nikajua ni nani, na nikajua yuko wapi, kwa kuwa uwanja ule wa ndege unaanza kuchimbwa kesho kujengwa maghala.

Nilikodi bodaboda nikaenda nimejaa hasira. Nilimkuta amekaa chini kando ya pikipiki, goti limevimba, hawezi kupiga kiki kuiwasha. Alisema alinipigia simu jana na juzi. Ni kweli, niliziona, sikupokea. Kisha akasema, "Nilitaka ikanyage lami hii mara moja kabla hawajaichimba."

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilimwambia tu, "Panda, nikusukume." Nikamsukuma hadi ikawaka.

Afande ameniuliza kwa nini sikupiga simu kusema hakuna wizi. Nilikuwa nasikiliza injini. Amenenepa, kiti hakimtoshi tena, lakini kona bado anaziingia vilevile, bega mbele. Nilisimama palepale nilipokuwa nikisimama zamani.

Gari lenu lilimkamata upande wa pili wa uwanja. Nilipofika huko kwa miguu, mlikuwa mmeshaondoka naye. Nimeambiwa amekataa kusema alikuwa na nani. Nadhani ni kwa sababu wakwe wa binti yetu wanakuja Jumamosi, na hakutaka jina langu litajwe kituoni. Ndivyo alivyo siku zote.

Sina malalamiko. Pikipiki ni yangu na nimemruhusu, ingawa ruhusa ilichelewa kumfikia. Naomba aachiwe. Lile goti linahitaji barafu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: Mama Viti

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatoa. Mtuhumiwa ameachiwa na pikipiki imekabidhiwa kwa shahidi. Kwa kuwa haina taa wala namba, nimewakataza kuiendesha barabarani. Wameondoka wakiisukuma, mmoja kila upande. Hawakuonekana kuwa na haraka.