Niliyoyasema Redioni Kuhusu Mzee Irungu

Jumanne, 7 Oktoba 2025
Kipindi cha historia kimewaka! Simu zimepigwa mpaka kutoka mtaa wa Nyayo Highrise. Nimeeleza jinsi mashamba ya Kawangware yalivyogawanywa wakati wa Hali ya Hatari, miaka ile ya Mau Mau. Nikamtaja Mzee Irungu — homugadi, askari wa mkoloni, aliyepewa shamba kwa kuwauza wenzake. Jina nililitoa kwenye orodha ya zamani ya homugadi. Muia, meneja wetu, amenipongeza. Nimerudi nyumbani Mashimoni nikijiona mtu wa maana.

Jumatano, 8 Oktoba
Mama mmoja alinisubiri mlangoni pa kituo. Wagaki, binti ya Mzee Irungu. Kumbe mzee yuko hai! Miaka tisini na tatu, na redio yetu haizimi. Hakunifokea — afadhali angenifokea. “Mumbua, baba alikaa detention ya mkoloni miaka minne. Hiyo ploti alinunua na pesa ya makaa.” Homugadi alikuwa binamu yake, Irungu wa Mburu. Huyu ni Irungu wa Kihara. Baba zao ni ndugu. Kila mmoja alimpa kifungua mimba wake jina la babu.

Na mimi Mkamba! Kwetu akina Muli ni watatu, wote kwa babu mmoja. Orodha ilisema Irungu tu, nami sikuuliza ni wa nani. Mjinga mkubwa. Wagaki anasema mzee hajala tangu jana.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwambia Muia tusahihishe. Ataandika mistari miwili kwa Facebook, ati. Mzee hana hata simu ya kubonyeza! Alitukanwa redioni, asafishwe redioni. “Tukianza kusema sorry hewani, nani atatuamini?” Nikamuuliza sasa hivi wanatuamini kwa nini. Akatoka kuvuta sigara.

Jumapili, 12 Oktoba
Usingizi hakuna. Wagaki amepiga: leo kanisani hakuna aliyeketi karibu na baba. Kanisa alilosaidia kujenga! Nimetembea mpaka mtaa wa Raila na kurudi, bila shughuli yoyote.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimemwambia Muia: nisahihishe kesho, au atafute mtangazaji mwingine. Amekubali, huku amenuna.

Jioni Wagaki akapiga tena. Mzee ana sharti moja — binamu yake asitajwe. Alishakufa, na wajukuu wake ndio humpeleka mzee kliniki. Hata wao hawajui kuwa babu yao alikuwa homugadi. Nikasema sawa. Nilisema haraka mno.

Jumanne, 14 Oktoba
Niko studio, wimbo unacheza. Nimesema! Kwamba nilikosea, kwamba sikuuliza, kwamba Mzee Irungu wa Kihara alikuwa mfungwa wa mkoloni, si homugadi. Wagaki ametuma meseji: baba amelia, sasa ameomba chai. Nimefurahi hadi nikacheka peke yangu.

Halafu simu ya kwanza. Mwanamume wa Kawangware, mpole kabisa. Ameshukuru. Amesema yeye ndiye humpeleka mzee kliniki, na wiki nzima wamekuwa wakimtetea. “Lakini madam, hiyo list yako ilikuwa na mtu. Kama si yeye, ni Irungu gani?” Nikamuuliza jina lake.

“Irungu wa Mburu. Nimeitwa jina la guka, babu yangu.”

Nikaweka wimbo. Muia anagonga kioo, anataka nijibu. Zimebaki sekunde arobaini wimbo uishe, na huyo mtu bado yuko kwenye laini, anasubiri.