"Msaidie, Bwana": Kumbukumbu ya Bibi Odessa Crumpton

Mwaka umetimia leo, Bibi, tangu asubuhi ile ya Septemba ulipotuacha, ukiwa na miaka sabini na minane na sufuria ya mboga ikiwa bado jikoni. Tuliila baada ya mazishi. Chumvi ilizidi kidogo. Siku ile hakuna aliyethubutu kukwambia, kwa hiyo tunakwambia sasa.

Ulipikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja. Jumapili ulifundisha Biblia katika kanisa letu la Mount Nebo, lenye jina la mlima katika sehemu ya Mississippi ambako kitu kirefu kuliko vyote ni tangi la maji. Kila mtoto wa mtaa alikula mkate wako wa mahindi, na hakuna aliyeondoka bila kukosolewa.

Kukosoa kwako kulikuwa zaidi kwenye kusema mbele za watu. Kanisani ulikaa kona ya amina, pamoja na wazee wanaomwitikia msemaji. Akiwaka, mlimpa moyo: "Amina! Endelea, mwanangu!" Akianza kuzama, wewe ndiye uliyesema taratibu, bila kuinua macho: "Msaidie, Bwana." Wachungaji watatu walihama Mount Nebo. Hatusemi ni kwa sababu yako.

Wewe mwenyewe ulishasaidiwa hivyo. Kiangazi cha 1964, msichana wa miaka kumi na saba, ulisimama kwenye mkutano wa kudai haki ya kura kwa sisi weusi, kanisa limejaa hadi madirishani. Hotuba yako ilikuwa na tai, mlima na bahari. "Bahari nilikuwa sijaiona," ulituambia, "na tai nilimjua kwenye sarafu tu." Watu wakaanza kujipepea na kutazama madirisha. Ndipo Mama Tarpley, mzee kuliko wote, akasema, "Msaidie, Bwana."

Ukakunja karatasi. Ukauliza, "Nani alipalilia pamba?"

"Sisi!"

"Nani aliichuma?"

"Sisi!"

"Nani aliibeba hadi kwenye mizani?"

"Sisi!"

"Na nani aliisoma mizani?"

Kila mtu alijua ni mzungu mwenye shamba. Ukaketi. Jumatatu yake watu arobaini na mmoja walikwenda mahakama ya kaunti kujiandikisha kupiga kura. Wakarudishwa. Wakaenda tena.

Tangu hapo ulikuwa na sheria zako, na ulizitoa huku unachambua mboga: "Usitumie mfano ambao hujaushika kwa mkono wako. Rudia mara tatu, ya nne ni kelele. Swali zito usilijibu, waachie waende nalo nyumbani."

Mimi Marquita, mjukuu wako mwenye mdomo, nilizijua sheria hizo kama jina langu. Kwa hiyo nilizivunja zote.

Machi iliyopita halmashauri ya kaunti ilitaka kufunga kituo cha kupigia kura katika ukumbi wa Mount Nebo na kukihamishia mjini, maili kumi na tisa. Kila msemaji alipewa dakika mbili. Zangu nilizijaza mwenge wa demokrasia, tufani na minyororo. Mwenyekiti akaonya: hakuna makofi, hakuna kuitikia. Hebu fikiria, Bibi, kuwaambia watu wa Mount Nebo wasiitikie!

Nikawasha mwenge. Nikaleta tufani. Nyuma yangu nikasikia sauti yako kabisa: "Msaidie, Bwana."

Alikuwa Mjomba Shadrach. Unajua anavyokuiga tangu utotoni. Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti akagonga nyundo. "Nani huyo?"

"Ni marehemu mama," Mjomba akasema. "Utuwie radhi, mzee, hata akiwa hai hatukumweza."

Nikakunja karatasi. Nikawaambia kwamba siku uliyopiga kura mara ya mwisho nilikubebea mkoba. Kutoka barazani kwako hadi ukumbi wa Mount Nebo, ukisukuma fremu yako ya kutembelea, zilikuwa hatua mia mbili na kumi na mbili. Nilizihesabu kwa sababu kila baada ya ishirini ulisimama kuniambia nisikuharakishe. "Alikwenda kwa miguu mvua ikinyesha," nikasema. "Alikwenda kwa miguu goti likiwa limevimba. Alikwenda kwa miguu wiki aliyomzika mumewe. Mama jirani yake sasa ana fremu kama ile. Mnataka yeye atembee hatua ngapi?"

Nikaketi. Nilibakiza sekunde arobaini, Bibi. Najua ungezisifia hizo kuliko maneno.

Wajumbe wa halmashauri wakapiga kura, watatu kwa wawili. Kituo kimebaki, angalau hadi mwakani watakapolijadili suala hilo tena. Hotuba nyingine nimeshaanza kuiandika, na haina tai.

Wanaokukumbuka ni wanao, Shadrach na Verlene. Wajukuu zako, Marquita, Dontrell na Junie. Kitukuu wako Amaya, ambaye neno lake la kwanza lilikuwa "hapana". Na waumini wote wa Mount Nebo. Ibada ni Jumapili, saa tano asubuhi, kisha kambare wa kukaanga ukumbini. Watakaosema wana dakika mbili kila mmoja. Kiti chako kwenye kona ya amina tumekiacha wazi, lakini asijidanganye mtu: maneno yako tunayajua sote.

Tutakukumbuka siku zote, Bibi, kila mmoja wetu anaposimama kusema, na hasa anapoanza kuzama.