Lori Lililonukia Vitumbua

Garsen, Jumatano. Ramadhani imeshavuka katikati.

Jua limewaka tangu asubuhi, mbinguni hakuna hata wingu moja la kusingizia, na mto unapanda. Mvua inanyesha huko bara, sisi tunaletewa maji yake tu. Moyoni sina kubwa. Nimechoka, na nguo zangu zinanuka nazi.

Niandike leo kabla sijaanza kuyapamba. Nikishayasimulia barazani mara mbili tatu, hata mimi mwenyewe sitajua lililotokea na nililoliongeza.

Barabara ya Malindi imefunikwa na maji tangu wiki iliyopita, na dizeli yetu inatoka Malindi. Kwa hiyo lori la tajiri wangu, Mzee Dubow, Msomali mwenye duka hapa, limekaa mbele ya duka kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Dereva asiye na dizeli ana kazi moja tu, kuzungumza, na katika kazi hiyo simjui wa kunishinda. Nimefika Mombasa, Dar es Salaam, Mogadishu. Vitani nimeendesha Burma, kwenye tope la kumeza tembo. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa.

Basi juzi nikawaambia watu dukani kwamba injini ya dizeli haina makuu. Inakunywa mafuta yoyote, ya simsim, ya nazi, hata samli ukiipasha moto. Nikasema niliendesha hivyo Burma mwezi mzima.

Sikuendesha hivyo hata siku moja. Niliambiwa na fundi mmoja wa Kihindi kule Mombasa, tena alikuwa na chakula mdomoni, sikumsikia vizuri.

Lakini maneno yangu yana miguu kuliko mimi. Leo alfajiri nafungua mlango, namkuta Mama Hawayu amesimama. Huyu ni mjane wa Kipokomo, mzaliwa wa Ngao, Mkristo, analima mpunga kando ya mto, nusu ya njia ya kwenda Kilelengwani. Mpunga ameshavuna, uko ghalani, na maji yameshaingia shambani. Mitumbwi yote imeshikwa, kila mtu anaokoa wake.

“Nimesikia gari lako linakunywa mafuta ya kupikia,” akasema. “Ni kweli, au ni yale maneno yako?”

“Kweli tupu, mama.”

“Basi twende.”

Sikujua niuweke wapi uso. Mpunga ule ndio chakula chake cha mwaka, na humo humo ndimo mlimo na mbegu. Ukilowa, ataanza kuwazungukia ndugu na kapu mkononi, na yeye si mtu wa kuomba.

Mzee Dubow alikuwa na pipa la mafuta ya nazi lililotoka Kipini, ameliweka kwa ajili ya futari za watu. Nikamwendea. Akanitazama sana.

“Wewe naleta maneno mingi,” akasema. “Gari ikikufa, mzigo yangu nabeba na mgongo yako.”

“Halifi, Mzee.”

“Hii mafuta ni ya kufuturu.”

Kisha akamtazama Mama Hawayu, miguu yake ina tope mpaka magotini, akaenda mwenyewe kulibingirisha pipa.

Nikayachanganya na mafuta ya taa kidogo yawe mepesi, nikayachuja kwa fulana yangu, na mpira wa mafuta nikauzungusha kwenye bomba la moshi ili upate joto. Hayo yote niliyabuni palepale, uso wangu umetulia kama wa mtu anayesoma kitabuni. Lori likakohoa, likapiga chafya.

Likawaka.

Nikajiona mimi ndiye niliyeiumba injini. Nilipiga honi bila sababu yoyote.

Ila ile harufu. Moshi wake ulinukia vitumbua vinavyotoka jikoni, na nusu ya Garsen imefunga. Watoto wakatukimbilia. Akina mama wakachungulia mlangoni kumtafuta asiye na haya anayepika mchana. Huko mbele tukakutana na mzee mmoja Muorma na ng'ombe wake. Akaweka fimbo mbele ya lori, nikasimama.

“Gari yako hapana funga?”

“Gari ni msafiri, Mzee. Limeruhusiwa kula.”

“Na mimi nanusa hii, je?”

“Wewe nusa tu, usimeze.”

Alicheka mpaka akamshikilia ng'ombe.

Mimi pia nilikuwa msafiri, ningeweza kula. Nilifunga kwa ubishi, na kwa sababu Mama Hawayu alikuwa ananitazama.

Tulipofika shambani maji yalikuwa yanalamba nguzo za ghala. Ardhi imelainika, lori lisingeweza kuubeba mpunga wote kwa safari moja. Tukapakia nusu. Mama Hawayu akaanza na mbegu. Nikamwambia aanze na ule mzuri wa kula, kwani njaa ndiyo inayokuja mwanzo. Akaniuliza mwaka ujao nitamletea nini apande, hadithi?

Nikapakia mbegu.

Kurudi, tulipoikaribia Garsen, lori likaanza kukata pumzi na kuzima. Nikafungua chujio, nikalikuta limejaa mashapo ya nazi. Kumbe fulana ya dereva si kitu cha kuchujia. Nikalisafisha, lakini sasa ilibidi mafuta yavutwe kwa mdomo, kwenye mpira, mpaka yafike kwenye pampu. Nikaushika mpira. Nikaukodolea macho. Midomo yangu ilikuwa imekauka kama gome.

Mama Hawayu akaninyang'anya.

“Lete hapa. Mimi sifungi.”

Akavuta, akatema, akafuta mdomo kwa leso, akasema mafuta ya taa yameharibu ladha.

Lori likatufikisha mbele ya duka, likazima. Halijawaka tena. Mashapo yameingia kwenye pampu na pampu imekwama. Mzee Dubow alilizunguka lori lake. Ningependa atukane. Jioni akaniletea tende za kufuturia, akasema maji yakishuka pampu itapelekwa Malindi kutengenezwa, na mimi ndiye nitakayeibeba kichwani. Nimekubali. Ni haki yake. Mafuta yaliyobaki kwenye pipa ni kidogo, ya kuombana, na leo kila nyumba niliyopita imefuturu muhogo wa kuchemsha. Hakuna aliyenilaumu usoni. Wamesema tu kwamba lori lilikula vizuri kuliko wao.

Nusu ya mpunga imelala kavu katika stoo ya Dubow. Nusu iko kule, na maji hayaisubiri pampu.

Usiku huu mdogo wake Mama Hawayu amemaliza kuhamisha mpunga wake, mtumbwi wake sasa uko wazi. Ila huyo mdogo wake mgongo umemkataa, hawezi hata kukaa. Na mtumbwi ule unataka watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kila mmoja na upondo wake, ile miti mirefu ya kusukumia. Wakishaupakia mpunga watauvusha tu hadi ng'ambo, kwenye ardhi ya juu. Mama Hawayu atakaa nyuma. Alikuja kuniuliza kama upondo naujua.

Nikamwambia nimeushika kwenye mito ambayo majina yake yeye hawezi kuyatamka.

Akasema vizuri, akaenda kulala.

Sijawahi kuushika. Kuogelea pia sijui.

Tunaondoka alfajiri.